Chambo hai kwenye kayaki: anza na pampu, betri baadaye

Mara ya kwanza nilitoka Kunduchi saa 11 alfajiri, betri ya pikipiki nimeifunga na mpira nyuma ya kiti, pampu ile kubwa ya kutolea maji kwenye boti, ndoo ya lita 20 na vibua wanane wazima wa chambo, pampu iwabadilishie maji ya bahari wasife. Kufika saa 2 asubuhi pampu inakohoa tu, vibua wamegeuka matumbo juu, afu betri imelala ubavu na asidi imenitoboa bukta. Nikarudi nikiilaumu betri, nikawa nawaza ninunue kubwa zaidi. Jamaa yangu fundi sola akaniuliza swali moja, hiyo pampu inakula ampea ngapi? Nikabaki natoa macho.

Basi tuanzie hapo. Ile pampu ya boti, hata ndogo yake ya galoni 500 kwa saa, inakula kama ampea 2 kwenye volti 12. Galoni 500 ni karibu lita 1,900, sasa we una ndoo ya lita 20, maji yote hayo ya nini? Samaki mwenyewe anazungushwa kama nguo kwenye mashine. Betri kavu ya volti 12 ampea 7 (yaani ampea-saa, imeandikwa 7Ah), zile za UPS na alamu za nyumba, haitakiwi uimalize yote, ukishakula nusu simama la sivyo inakufa mapema. Nusu ni ampea-saa 3.5, gawa kwa 2, hujafikisha hata saa mbili. Tena kwenye mzigo mkubwa inatoa pungufu ya ilichoandikiwa, maana hiyo 7 wameipima kwa kuitoa taratibu kwa saa 20, yaani ampea 0.35 tu.

Sasa kuna vipampu vidogo visivyo na kaboni (zile brashi zinazosugua ndani ya mota), vinauzwa na vitu vya sola na vya chemchemi za bustani, vina umbo la kopo dogo jeusi, vimeandikwa 12V, 240L/H. Kinakula hiyohiyo ampea 0.35, kama wati 4. Piga tena hesabu, 3.5 gawa kwa 0.35 ni saa kumi, betri ileile! Ukikipandisha maji nusu mita hakitoi lita 240 kamili, tuseme kimetoa nusu, lita 120 kwa saa, na ndoo umeiweka maji lita 15. Maji yote yanabadilika kila dakika saba na nusu hivi. Kwa vibua sita au saba wa urefu wa kiganja inatosha kabisa. Ukitaka kujaza ishirini hapo ndo uanze kuwaza pampu kubwa, ila kwa kayaki mi naona ni uroho.

Usiamini maandishi ya kwenye boksi lakini. Chukua mita ya kupimia umeme, weka upande wa ampea 10, ipitishe katikati ya waya wa chanya, pampu ikiwa ndani ya maji inasukuma, usome. Halafu acha iungurume kwenye beseni nyumbani huku unapima volti kila saa. Betri kavu iliyojaa inakaa kama 12.7, ikishuka 12.1 zima, andika imechukua saa ngapi. Hilo jaribio moja lina faida kuliko ushauri wote utakaopewa na wauzaji.

Ukiwa na hela kidogo chukua lithiamu ile ya fosfeti, ampea 7 yake inaweza kuwa hata chini ya nusu ya uzito wa betri kavu, na unaila karibu yote. Tabia yake moja uijue, ina saketi ndani ya kuilinda, ikifika mwisho inakata ghafla, haikohoi wala haiagi. Na chaja yake ni ya kwake, inayoishia volti 14.6, usiichomeke kwenye chaja ya betri za magari yenye ile hali ya kufufua betri, utaiua.

Waya sasa. Hapa ndo bahari inapokula watu. Mi nilisokota waya kwa mkono nikapiga tepu nyeusi juu, nikajiona fundi. Baada ya wiki tatu pampu ikagoma, nikachuna waya wa chanya nikakuta shaba imekuwa unga wa kijani, nikakata mbele sentimita kumi, bado nyeusi, nikakata tena, bado. Maji ya chumvi yanapanda ndani ya waya kama mafuta kwenye utambi, na ule wa chanya ukiwa na umeme ndo unaliwa haraka zaidi. Kwa hiyo kila kiungo kichomelee kwa risasi, kisha vika ule mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani, upashe mpaka uone gundi inachungulia pembeni. Kama haijachungulia, rudia. Na ukiweza hakikisha hakuna kiungo chochote kinachokaa kwenye maji, pampu inakuja na waya wake, kiungo kiwe juu ndani ya boksi.

Fyuzi ni lazima, jamani, msiniambie volti 12 haina madhara. Haikupigi shoti, ila betri ikikutanisha waya mbili inatoa moto wa kuyeyusha plastiki, na we umekalia plastiki. Fyuzi ya ampea 2 au 3 kwa kipampu kidogo, ampea 5 kwa kubwa, iwe upande wa chanya, isizidi shubiri moja kutoka kwenye betri. Swichi chukua ya kuvikwa kofia ya mpira. Halafu chanya na hasi usichanganye, pampu za kaboni ukigeuza zinazunguka kinyumenyume na kutoa maji kiduchu, hizi zisizo na kaboni hazizunguki kabisa na zingine zinaungua hapohapo.

Boksi la betri mi natumia bakuli la chakula lenye kufuli nne na mpira kwenye mfuniko, waya unapita kwenye glandi ya plastiki (nati inayobana waya maji yasipenye) ubavuni, siyo tundu la msumari na silikoni. Ndani napachika sponji betri isicheze. Ukichaji betri kavu lifungue, inaweza kutoa gesi inayoshika moto.

Ndoo iwe ya duara na nyeupe. Kwenye kona samaki anagonga pua mpaka inachubuka, na ndoo nyeusi kwenye jua la saa sita inakuwa supu, tena maji ya moto yanashika hewa kidogo. Kibua ni samaki wa mbio, anapumua kwa kuogelea, akipata duara anazunguka mwenyewe. Mkizi ni mgumu zaidi, anavumilia hata maji yakichafuka, ila mfuniko usisahau. Wazee wanasema hasira za mkizi furaha ya mvuvi, sawa, ila akirukia nje ya ndoo hizo hasira ni hasara yako.

Maji yaingie kwa juu kupitia kipande cha paipu ulichotoboa vitundu vidogovidogo, ili yakidondoka yabebe hewa, na vitundu uvilaze upande mmoja maji yazunguke taratibu. Tundu la kutokea liwe kubwa kuliko la kuingilia mara kadhaa, mi naingiza kwa mpira mwembamba natoa kwa paipu ya inchi moja iliyovikwa wavu, inarudisha baharini. Likiziba magamba unajaza kayaki bila kujua. Na lita 15 ni kilo 15 zinazochezacheza, ndoo ikae chini kabisa karibu na mgongo wako, na ukirudi ufukweni kwenye mawimbi mwaga kwanza.

Pampu yenyewe wengine wanaichomeka kwenye tundu la chini la kayaki. Safi ukiwa kwenye kina, ukigusa mchanga tu imejaa. Mi nimeifunga kwenye mkono wa paipu ya PVC nyuma ubavuni, inazama kama sentimita 20, nikikaribia pwani naikunja juu. Iwe chini ya maji muda wote, kwa sababu haiwezi kujivutia maji ikishameza hewa, itaunguruma bure na we unadhani mambo safi. Ichungulie kila baada ya muda, na mdomoni vika wavu, mwani na vipande vya mfuko ndo adui.

Akiba nabeba kile kipampu cha hewa cha yuesibi na pawabenki kwenye mfuko usiopitisha maji. Pawabenki ya 10,000 inakiendesha siku nzima, shida nyingi zinajizima zenyewe zikiona mzigo ni mdogo sana, kwa hiyo ijaribu nyumbani nusu saa kabla hujaitegemea. Na weka kale kavalvu kwenye mpira, la sivyo kikizima maji yanarudi ndani ya pampu.

Kwa wa Dar, Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari, ukiingia humo na mishipi ukakamatwa usije kulia huku.

Ukirudi nyumbani weka pampu kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi, iache izunguke dakika tano. Kila baada ya safari kadhaa fungua kile kifuniko cha mbele, vuta rota, ni sumaku tu imekaa kwenye kijiti, utakuta ukoko mweupe na pengine unywele au uzi wa nailoni umejisokota. Loweka kwenye siki robo saa, piga mswaki wa zamani, rudisha. Na betri kavu ichaji usiku huohuo hata kama umechoka na nguru hajatoka, ukiiacha wiki ikiwa nusu ujue safari ijayo utarudi saa 2 kama mimi.