Kabla hujamjibu wakala wako "ndiyo": mambo ya kuzingatia kuhusu usaili wa uigizaji

Ujumbe wa usaili haupigi hodi. Uko njiani, uko darasani, mikono ina povu la sabuni, simu inatetemeka: kuna nafasi, video inatakiwa keshokutwa, utaweza? Kidole kinakimbilia "ndiyo" kabla macho hayajafika mwisho wa ujumbe. Hapo ndipo waigizaji wengi chipukizi tunapojiharibia, wala si mbele ya kamera. Niliigiza miaka kadhaa, na siku hizi nawasaidia wadogo zangu kurekodi video zao za usaili. Karibu kila balaa niliyoishuhudia ilianzia kwenye simu. Basi yasome haya sasa hivi, simu ikiwa imetulia.

Kwanza elewa wakala anafanya nini. Wakala hagawi kazi. Mwenye kuchagua ni mteuzi wa waigizaji, akishirikiana na mwongozaji na mtayarishaji. Mteuzi hutangaza wahusika anaowatafuta: umri, mwonekano, ujuzi unaohitajika, tarehe za kupiga picha za filamu. Mawakala humpelekea majina, naye kutoka kwenye rundo hilo huita wachache. Maana yake, ujumbe unapokufikia wewe, mara nyingi wakala ameshakusemea mahali. Ameshasema, "Huyu anafaa, huyu yupo." Unapojibu, unajibu juu ya neno la mtu mwingine.

Pesa. Wakala hulipwa kamisheni kutoka kwenye kazi uliyoipata, baada ya kuipata. Kule Marekani, mawakala wenye idhini ya chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, hukata asilimia 10. Kwingine hukata zaidi, na hilo mnaafikiana mapema kwa maandishi. Anayekudai ada ili akuingize kwenye usaili, huyo hakutafutii kazi, anakutafuta wewe. Jimbo la California limekataza kwa sheria ada za mapema za aina hiyo tangu 2010, kwa sababu vijana na wazazi wengi walikuwa wakiliwa fedha zao. Kama umeshaanza kulipa, simama hapo hapo.

Jibu upesi, hata kama huna jibu kamili. "Nimeupata, nitathibitisha kabla ya saa moja jioni" inatosha. Kisha thibitisha kweli kabla ya saa moja.

Soma ujumbe wote, pamoja na viambatisho, kabla hujauliza chochote. Maswali yako yaandike yote kwa mkupuo mmoja. Wakala ana watu wengi, na ukimtumia vipande kumi na viwili, cha muhimu kitapotea katikati.

Saa ziandike kwa namna isiyo na shaka. Hili sisi wenye Kiswahili tulishike kuliko wote. Wakala akiandika "leta video kabla ya saa 5", anahesabu kwa saa zetu au kwa saa za kompyuta? Nimemwona binti aliyefanya kazi nzuri mno, akaituma saa kumi jioni akijua amewahi, kumbe mlango ulifungwa saa tano asubuhi. Uliza: "Ni saa tano asubuhi, au saa kumi na moja jioni?" Kama mteuzi yuko nchi nyingine, uliza pia ni saa ya wapi.

Picha zako ziwe za sasa. Ukinyoa, ukisuka tofauti, ukipaka nywele rangi, ukipata kovu usoni, mtumie wakala picha siku hiyo hiyo, hata ya simu tu, karibu na dirisha. Kwa watoto ndiyo zaidi: mtoto hukua kidogo kidogo mbele ya macho ya mzazi hadi mzazi haoni tena. Urefu wake wa miezi sita iliyopita si urefu wake leo, na meno mawili ya mbele yaking'oka sura inabadilika kabisa. Mteuzi anayepanga ndugu watatu wanaolingana kimo anahitaji vipimo vya wiki hii.

Ujuzi usiuongope. Ukisema unaogelea, siku moja utaambiwa uingie majini.

Sasa nije kwenye tarehe, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Nilikuwa na miaka ishirini, mwaka wa mwisho wa masomo. Siku ya Alhamisi wakala wangu alinitumia usaili wa nafasi ya mdogo wa mhusika mkuu, nafasi yenye maneno mengi kuliko zote nilizowahi kuitiwa. Chini ya ujumbe aliandika: "Kazi ni tarehe 11 hadi 22. Uko huru siku zote hizo?" Mimi tarehe 17 asubuhi nilikuwa na mtihani. Sikuwa nimeusahau. Ratiba ilibandikwa ukutani juu ya kitanda changu, na siku hiyo niliizungushia kalamu nyekundu mwenyewe. Niliitazama ile duara nyekundu, nikaandika: "Ndiyo dada, niko huru."

Nilijiambia kwanza niipate, mengine yatajipanga. Niliogopa kwamba nikitaja mtihani, jina langu litaruka na atapewa mwingine. Nikarekodi, nikatuma. Nikaitwa usaili wa pili. Kisha wakala akanipigia, sauti imejaa furaha: tumebaki wawili, wanaomba nizuie tarehe zangu. Ile ilikuwa nafasi ya pili ya kusema. Nikasema, "Sawa dada." Zikapita siku tisa. Nikapewa nafasi. Nikaenda kupimwa mavazi, fundi akanizungusha utepe kiunoni na kuandika namba zangu kwenye daftari, nami nikasimama pale na siri yangu.

Ratiba ya kupiga picha ilipokuja, tarehe 17 ndiyo ilikuwa siku yangu kubwa. Onyesho la familia nzima mezani, watu wanane, nyumba ya kukodi iliyopatikana kwa siku ile peke yake. Jioni ile niliandika ujumbe nikafuta, nikaandika nikafuta, mwisho nikapiga. Nilipomaliza kueleza, dada alinyamaza. Nilisikia akifunua karatasi. Akauliza, "Ulijua tangu lini?" Nikamjibu, "Tangu mwanzo." Hakufoka. Alisema, "Mdogo wangu, ungeniambia siku ile, ningewaambia asubuhi ya tarehe 17 hayupo, wakapanga wakijua. Sasa wameshapanga."

Walimrudia yule msichana wa pili, ambaye alishaambiwa amekosa, na bahati yao bado alikuwa na nafasi. Mtihani niliufanya, na maswali niliyasoma kama kupitia moshi. Lakini hilo silo lililoniuma zaidi. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwa miezi mingi yule mteuzi, kila wakala wangu alipompelekea jina, alikuwa akimuuliza: "Huyu una uhakika naye?" Waigizaji ambao hata sikuwafahamu wakawa wanapimwa kwa mzani wangu.

Sikujua wakati ule, nawe huenda hujui, kwamba picha za filamu hazipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Hupigwa kwa mahali. Maonyesho yote ya nyumba moja hukusanywa siku moja au mbili, hata kama moja ni la mwanzo na jingine la mwisho. Asubuhi ya mtu mmoja ikitoka, unavuta na wengine: mavazi, taa, usafiri, mpishi, mwenye nyumba. Ila mapema, kabla chochote hakijapangwa, kuizunguka asubuhi moja mara nyingi kunawezekana. Sisemi daima. Wapo watakaokuruka kwa sababu ya tarehe moja, na itauma. Lakini utarukwa jina lako likiwa safi.

Kwa hiyo fanya hivi. Usingoje usaili. Mwanzo wa kila mwezi mtumie wakala siku zako zisizofaa: mitihani, safari, harusi ya ndugu, matibabu, kazi nyingine. Hata zile za "huenda" zitaje, useme ni huenda. Mambo yakibadilika, mwambie siku hiyo hiyo. Siku ikifunguka, mwambie vilevile, maana wakala anayedhani umesafiri hatapeleka jina lako. Na usaili ukija, jibu kwa uwazi wa namna hii: "Nimesoma. Tarehe 17 nina mtihani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Siku nyingine zote niko huru. Je, niendelee kurekodi?" Ni mistari michache. Mimi ilinishinda kwa woga tu.

Ukiombwa kuzuia tarehe, fahamu kwamba bado hujaajiriwa. Wanakuomba usizikabidhi kwa kazi nyingine bila kuwajulisha. Ikija kazi nyingine kwa siku zilezile, usiikubali kimyakimya; mpigie wakala kwanza, yeye ndiye wa kuwauliza hao wa mwanzo kama wanakuchukua au wanakuachia.

Kukataa kunaruhusiwa. Kuna onyesho la kuvua nguo, la kubusiana, maneno yanayogusa imani yako, au mhusika usiyetaka tu kumvaa: sema kabla hujarekodi, kwa sentensi moja ya heshima. Wakala mzuri ataandika na kukumbuka, asikuletee tena ya namna hiyo. Mbaya ni kurekodi, kupendwa, kisha kurudi nyuma.

Video ipigwe kama ilivyoagizwa, faili lipewe jina kama ilivyoagizwa, sauti isikike. Mtumie wakala mapema, saa kadhaa kabla ya mwisho, apate muda wa kuitazama na kukuambia urudie. Ukituma dakika za mwisho, atakachoweza kufanya ni kuipitisha ilivyo.

Ukishatuma, achia. Kimya ni jibu la kawaida kabisa kwenye kazi hii, na mara nyingi wakala mwenyewe haambiwi chochote. Ukiuliza mara moja baada ya wiki mbili hivi si vibaya. Kila asubuhi, hapana. Na usimtafute mteuzi pembeni. Ukimruka wakala umemvunjia heshima, na mteuzi atampigia simu kumwambia.

Usaili wenyewe usiutangaze. Kurasa za skripti ulizotumiwa si zako za kuonyesha watu. Watayarishaji wengine huzichapa na jina lako limepita juu ya maandishi, kwa hiyo picha moja uliyomtumia rafiki wa kuaminika inaweza kurudi mezani ikiwa na jina lako.

Wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Mtoto asiwe na mazungumzo yake ya faragha na wakala. Mzazi au mlezi awepo kwenye kila ujumbe. Lakini awe mmoja. Nimeona baba akikubali usaili saa mbili, mama akaukataa saa tatu, na wakala akabaki hajui amwambie nini mteuzi. Muulizeni mtoto kama anataka, siku hiyo, usaili huo, na akisema amechoka msimjibie. Ulizeni pia mapema malipo yake yatahifadhiwa wapi. Jackie Coogan aliigiza akiwa mdogo na kupata fedha nyingi. Alipokuwa mtu mzima akakuta mama yake na baba wa kambo wameshazitumia karibu zote. Kutokana na kesi yake California ilitunga sheria mwaka 1939, na leo asilimia 15 ya mapato ghafi ya mtoto lazima iwekwe kwenye akaunti yake ya amana. Hata mahali pasipo na sheria kama hiyo, hakuna kinachowazuia kumfungulia mtoto akaunti.

Mengine ni tahadhari za kawaida, lakini nayaandika kwa sababu yameshawaumiza watu. Anwani ya usaili itoke kwa wakala, isitoke kwa namba usiyoijua inayosema imetumwa naye. Chumba cha hoteli au nyumba ya mtu si mahali pa usaili. Picha za utupu hazitumwi, hata akiomba nani. Mahali ukibadilishiwa ghafla, mpigie wakala kabla hujatoka nyumbani, na mwachie mtu wa karibu anwani na saa unayotarajia kurudi. Simu iwe na chaji. Na ukifika ukaona ulichokikuta sicho ulichoelekezwa, usiingie kuuliza. Toka hadi mahali penye watu, ndipo umpigie.