Kuwinda vibao vya barabarani Tanga: kutoka Segera hadi kivuko cha Pangani

Picha ya kibao cha ajabu isiyo na mahali, tarehe wala mazingira yake huchekesha siku mbili kwenye simu, kisha hupotea. Kibao hichohicho kikipigwa na kuandikwa vizuri kinakuwa kumbukumbu ya mji. Tanga ina haja kubwa ya kumbukumbu hizo. Hewa ya chumvi inakula bati, vyuma chakavu vina soko, na vibao vilivyochorwa kwa brashi vinang'olewa kila mwaka kupisha mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine. Mkono wa mchoraji ukishapotea haurudi.

Anza na jua. Barabara ya Segera hadi Tanga, takriban kilomita 70 kupitia Hale na Muheza, inaelekea mashariki. Maana yake, vibao vinavyomhusu msafiri anayekwenda Tanga vimetazama magharibi. Asubuhi jua huwa nyuma yake na kibao hutoka cheusi kama mlango wa ghala. Vipige kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja jioni. Vile vya anayetoka Tanga vimetazama mashariki, na wakati wake ni saa moja hadi saa tatu asubuhi. Barabara ya Pangani ina hesabu nyingine, kwa kuwa inaelekea kusini. Tanga iko digrii 5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi hukaa upande wa kusini, miezi mingine hukaa kaskazini. Vibao vya anayekwenda Pangani vimetazama kaskazini, basi vinapata mwanga mzuri Aprili hadi Septemba. Ukiweza kuchagua, nenda Julai hadi Septemba, kwa sababu mara baada ya masika nyasi huwa zimepanda na kufunika vibao vifupi vya vijiji hadi shingoni.

Ndani ya basi, kaa dirisha la kushoto. Tunaendesha kushoto, na vibao vingi vimesimama upande huo. Basi likiwa kwenye mwendo wa 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde, kwa hiyo kosa la kawaida ni kusubiri kibao kifike usawa wa dirisha ndipo ubonyeze. Hapo kinapita kwa kasi kuliko kamera inavyoweza kukishika, na unapata mstari wa rangi. Bonyeza kikiwa bado mbele, mita 20 hadi 30, kwa kupiga picha mfululizo. Kama simu yako inaruhusu kupanga mwenyewe muda wa lenzi kupokea mwanga, weka 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi. Sogeza lenzi karibu kabisa na kioo bila kukigusa, kwani kioo kinatetemeka pamoja na injini, na zungushia kanga au koti jeusi kuzuia mng'ao wa ndani. Hata hivyo, picha za basi zichukulie kama daftari la kukumbusha. Ukipita Muheza na kuona jambo, andika saa na jina la kituo kinachofuata, halafu urudi kwa bodaboda.

Ukishuka, mwambie dereva asimame mita 30 baada ya kibao, nje kabisa ya lami, kisha urudi kwa miguu ukiwa umetazama magari yanayokuja. Usirudi nyuma kinyumenyume ukitafuta picha itoshe. Chagua mahali pa kusimama kwanza, halafu ndipo unyanyue simu. Kila kibao kinahitaji picha tatu: moja ya karibu, mita 5 hadi 8, bati likijaza theluthi mbili za picha, moja ya mbali, mita 25 au zaidi, ionyeshe nguzo, barabara na kile ambacho kibao kinakizungumzia, na moja ya mgongoni. Watu wengi huisahau ya mgongoni, na huko ndiko unakoona kama bati ni jipya au ni la pipa lililonyooshwa, na wakati mwingine maandishi ya zamani yaliyogeuziwa nyuma.

Zima flashi. Vibao vya serikali vimebandikwa karatasi yenye chembe zinazorudisha mwanga kulekule ulikotoka, ili taa za gari zikivimulika dereva asome. Flashi iliyo pembeni ya lenzi hurudishwa moja kwa moja ndani ya kamera, na maandishi yanayeyuka kuwa weupe mtupu. Usiku, shika tochi mkono ukiwa umeunyoosha mbali na simu, gusa kibao kwenye skrini na ushushe mwanga. Vibao vya rangi ya mafuta havina tabia hii, na hiyo ni njia moja ya kuvitenganisha.

Sasa kusoma, na hapa ndipo penye utamu wote.

Chukua neno moja tu, kivuko. Mjini Tanga, mbele ya shule, kivuko ni ile mistari myeupe ya watembea kwa miguu, pundamilia. Penye njia ya treni, kivuko ni mahali pa kukatiza reli. Ukifika Pangani, kivuko ni chombo kinachobeba watu na magari kuvuka mto kwenda Bweni. Neno moja, hatari tatu, na namna tatu za kusimama. Anayekusanya vibao vya "kivuko" peke yake kati ya Tanga na Pangani atakuwa na mkusanyiko wa maana kuliko mwenye vibao mia vya kuchekesha.

Au chukua herufi X. Ipo X ya bati kwenye nguzo, nayo ni alama ya njia ya reli. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ya kwanza upande wa bara, na alama hiyo usiipuuze hata kama nyasi zimeota katikati ya vyuma. Ipo X nyekundu iliyopakwa kwenye ukuta wa nyumba, mara nyingi pamoja na neno BOMOA na tarehe. Hiyo humwambia mwenye nyumba kwamba yumo ndani ya hifadhi ya barabara. Ipo pia X ya kijani. Hii inatokana na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, iliyopanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande ukipima kutoka katikati ya barabara. Waliokutwa kwenye kipande kilichoongezwa huwekewa kijani, maana wanastahili fidia. Kwa hiyo rangi ya X ni habari nzima, na picha ya nyeusi na nyeupe inaiua. Jambo jingine ni kwamba kila X ya ukutani ina familia nyuma yake. Piga hodi, salimia, omba ruhusa. Ukikataliwa, shukuru uondoke.

Vivyo hivyo kwa "NYUMBA HII HAIUZWI" au "KIWANJA HIKI HAKIUZWI, OGOPA MATAPELI". Mgeni huona ni ajabu kutangaza kitu kisichouzwa. Sababu yake ni nzito: ndugu mmoja huuza urithi kwa siri, au tapeli huuza kiwanja cha mtu kwa wateja watatu. Kibao hicho ni kufuli la maandishi. Ukikihifadhi, ficha namba ya kiwanja na namba ya simu kabla ya kuonyesha watu. Fanya hivyohivyo kwa vibati vya waganga vinavyopigiliwa kwenye miembe na nguzo.

Vibao vya mwendo wa hamsini navyo vina usomaji wake. Duara lenye ukingo mwekundu na 50 ndani linafungua eneo la makazi. Duara jeupe lenye mistari myeusi ya kukata ndilo linalolifunga. Kila ukipata cha kufungua, tafuta cha kufunga na upime umbali kwa kilomita za pikipiki. Kama cha kufunga hakionekani, angalia kama kuna nguzo tupu. Hilo ni la kuandikwa, kwa sababu dereva asiyeona mwisho wa hamsini hajui aongeze mwendo wapi, na tochi ya trafiki, kile kifaa cha kupima mwendo, haimsubiri. Picha hizi zipige pale ambapo hakuna askari kazini.

Usidanganywe na kuchakaa. Rangi nyekundu huwahi kupauka juani kuliko nyeusi. Ndiyo maana unakuta ng'ombe mweusi amesimama katikati ya bati jeupe lisilo na mpaka, kama tangazo la bucha. Ilikuwa pembetatu ya tahadhari yenye ukingo mwekundu. Tazama umbo kabla ya picha: pembetatu inaonya, duara linaamuru, na pembe nane ni kusimama hata kama maandishi yamefutika yote. Kutu nayo ina mahali pa kuanzia, kwenye matundu ya boliti na kingo zilizokatwa, si katikati ya bati.

Ngamiani, mjini Tanga, ni somo la peke yake. Mitaa yake inaitwa kwa namba, Barabara ya Kwanza na kuendelea hadi kuvuka ya ishirini, na kona nyingi hazina kibao cha mtaa. Soma mabango ya maduka, cherehani na vinyozi, kwani ndiyo yanayotaja barabara. Piga kona nzima, siyo bango peke yake. Kama bango limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwenye madrasa au msikiti, liandike kama lilivyo kisha muombe mwenyeji akusomee. Usikisie.

Kuandika kumbukumbu kunachukua dakika mbili kwa kila kibao. Fanya palepale, usingoje nyumbani: tarehe, jina la mahali kama wenyeji wanavyoliita, kibao kinatazama upande gani, maneno yote neno kwa neno pamoja na makosa ya tahajia, kimetengenezwa kwa nini, hali yake. Makosa usiyasahihishe. "Hatali" badala ya "hatari" inaonyesha mchoraji alivyolisikia neno.

Kwenye majira ya ramani, yaani namba zinazoonyesha mahali, kuna mtego. Tanga iko karibu na -5.07, 39.10. Ukisahau alama ya kutoa mbele ya 5, kibao chako kinaangukia kusini mwa Ethiopia. Andika tarakimu nne baada ya nukta. Hapo kosa halizidi mita kumi na kitu, inatosha kukirudia kibao. Usihifadhi kwa kujitumia picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwa sababu hubanwa na kupoteza mahali na saa. Itume kama faili, au nakili kwa waya. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha mahali, mfano 2025-07-19_Muheza_kivuko-reli_1, zijipange zenyewe.

Bandarini, kambi za jeshi na mpakani Horohoro, weka simu mfukoni.

Baada ya mwaka mmoja, rudi kwenye vibao ulivyovipenda. Fungua picha ya zamani, simama palepale, saa ileile, upige tena. Linganisha boliti kwanza, halafu rangi nyekundu, halafu maandishi. Kama kibao hakipo, piga nguzo tupu au shimo lake, waulize walio jirani kimeondoka lini, na uandike jibu lao chini ya picha ya kwanza.