Kulaza Mbwa wa Watu Nyumbani England: Tazama Viza Kwanza

Wenye mbwa wakisafiri, wengi hawapendi mnyama wao alale bandani. Wanataka nyumba yenye kochi na mtu. Kazi ipo, ila kabla hujanunua hata bakuli, soma masharti ya viza yako. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri. Ya Skilled Worker (ya kazi, inayodhaminiwa na mwajiri), ikiwemo ya wahudumu wa afya na wazee, nayo hairuhusu kufungua biashara pembeni. Ukiwa na ukaazi wa kudumu au uraia, endelea.

Kulaza mbwa kwa malipo kunahitaji leseni, nayo hutolewa na halmashauri ya eneo lako kwa kanuni za 2018 za leseni za shughuli za wanyama. (Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.) Mkaguzi huja nyumbani na kutoa nyota 1 hadi 5, biashara mpya huhesabiwa kuwa na hatari zaidi, hivyo usitarajie tano mwanzoni. Kikwazo kikubwa ni vyumba. Kila mbwa awe na chumba chake cha kutengwa inapobidi, na korido au bafu havihesabiki. Familia yenye watoto wanne katika vyumba vitatu itapata mbwa mmoja tu, pengine hata huyo asipatikane. Ukipanga, omba idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Na mbwa haachwi peke yake zaidi ya saa 3 kwa siku: mwenye shifti ya saa 12 asijidanganye, labda mwenzake awe anashinda nyumbani.

Mbwa mgeni hutoroka zaidi siku ya kwanza, mlango unapofunguliwa kumpokea mleta mzigo. Weka geti la watoto ndani ya korido, ili awe na vizuizi viwili. Kagua uzio chini, si juu tu, wadogo huchimba. Mbwa wa nyumba tofauti wasikae pamoja bila idhini ya maandishi ya wenyewe, na kila mmoja ale chumbani kwake, maana ugomvi mwingi huanzia kwenye bakuli.

Mwenye mbwa alete chakula cha siku zote pamoja na akiba ya siku mbili. Ukibadilisha ghafla, utakesha ukifuta kuhara kwenye zulia. Masalia ya pilau na mchuzi ni marufuku: kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, hata vikiwa vimepikwa. Zabibu kavu ni sumu kwa figo zake. Kinyunga cha mandazi kilichotiwa hamira nacho kiweke juu kabisa. Akikimeza, kitaumukia tumboni na kutoa kileo.

Kabla ya kumpokea, dai cheti cha chanjo na namba ya chipu (kifaa kidogo cha utambulisho chini ya ngozi ya mbwa), weka bima ya dhima kwa umma (inayolipa mbwa akimdhuru mtu au mali yake), kisha msainishe mwenyewe idhini ya matibabu inayotaja daktari wake wa mifugo na nani atalipa akiwa hapatikani kwa simu.