Mifupa ya Bata Mzinga: Supu ya Kiporo cha Sikukuu Ughaibuni

Kiporo na makombo si kitu kimoja. Kiporo ni chakula kilichobaki sufuriani, kikafunikwa vizuri, kikalala kungoja chai ya asubuhi. Makombo ni yale yaliyobaki kwenye sahani za watu, na mwenyewe ni kuku au paka. Hapa Marekani, usiku wa Sikukuu ya Shukrani, nimeshuhudia mara nyingi kiporo cha maana kikitupwa kama makombo. Mgongo mzima wa bata mzinga, shingo, mabawa, na nyama iliyong'ang'ania mbavuni, vyote vinatumbukizwa kwenye mfuko mweusi wa taka kabla hata pai ya maboga haijakatwa.

Sikukuu yenyewe huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba. Walio Kanada wanayo mapema, Jumatatu ya pili ya Oktoba. Walio Uingereza hukutana na bata mzinga siku ya Krismasi, na walio Ujerumani huenda wakawekewa bata bukini. Maelezo haya yanawafaa wote, ila bukini ana mafuta mengi mno, kwa hiyo wa Ujerumani waandae bakuli la ziada la kuyaengulia.

Kama umepika mwenyewe, mifupa ni yako. Kama umealikwa kwa wafanyakazi wenzako au kwa wakwe, itabidi uombe, na hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Kwetu mgeni hasemi "naomba mifupa". Ataonekana hakushiba, au anafuga mbwa. Mimi nilikaa miaka miwili nikiitazama mifupa ikienda zake kwa sababu ya haya. Mwaka wa tatu nilimwambia mama mwenye nyumba kwamba kwetu mifupa hiyo ni supu ya asubuhi, na kama hana kazi nayo ningefurahi kuibeba. Akaifunga kwenye foili, akaniongezea na sosi. Tangu hapo naenda na mfuko wangu mkubwa wa plastiki wa kufunga kwa zipu, umekunjwa mfukoni mwa koti.

Waislamu wana la kuangalia zaidi. Bata wa halali wanapatikana katika mabucha ya Kiislamu ya miji mingi, lakini agiza mapema. Wa kualikwa uulize alikotoka, na uulize pia kilichojazwa tumboni, maana ule mchanganyiko wa mikate mara nyingine hutiwa soseji ya nguruwe, na sosi hutiwa mvinyo.

Sasa saa. Nyama iliyopikwa isikae mezani zaidi ya saa mbili. Watu huanza kula saa tisa alasiri, mpira unatazamwa, domino inachezwa, na saa nne usiku bata bado yuko pale katikati ya meza anapigwa na joto la hita. Huyo mwache. Najua utasema, "Nitamchemsha vizuri, wadudu watakufa." Bakteria watakufa kweli, lakini baadhi yao huwa wameshaacha sumu ambayo moto wa sufuria hauiondoi. Ukishamaliza kupakua mara ya kwanza, chambua nyama kwenye mifupa, toa kila kilichojazwa tumboni, weka nyama kwenye vyombo vifupi, mifupa kwenye mfuko wake, vyote ndani ya friji. Hapo una siku tatu hadi nne, na zinahesabiwa tangu bata alipopikwa. Siku uliyokumbuka supu haihesabiki. Ukiona wiki imekubana, gandisha mifupa. Itakungoja hata mwezi.

Kosa kubwa tunalofanya sisi watu wa supu linatokana na kuku wa kienyeji. Yule jogoo wa kijijini ni mgumu, anataka saa mbili jikoni, na kadiri anavyochemka ndivyo anavyolainika, kwa hiyo tumezoea kwamba nyama na mifupa huingia pamoja na kutoka pamoja. Bata mzinga wa sikukuu ameshaokwa tanurini mchana mzima. Nyama yake imeiva, tena ya kifua imeanza kukauka. Mwaka wangu wa kwanza wa kupika supu hii nilimtupia sufuriani mzima mzima nikamchemsha saa tatu; nilichopata ni maji yenye ladha nzuri na nyama kama nyuzi za katani. Mifupa ndiyo inayotengeneza supu. Nyama huingia mwisho kabisa, dakika tano kabla ya kupakua, ipate moto tu.

Basi Ijumaa, wakati wenzako wamepanga foleni kwenye maduka ya bei za kutupa, wewe weka sufuria. Mgongo wa bata wa kilo sita hauenei kwenye sufuria ya kawaida, kwa hiyo uvunje. Ukandamize kwa mikono katikati ya uti, utaachana wenyewe; palipobaki pakate kwa mkasi wa jikoni. Panga liache, unaishi ghorofa ya tatu na chini kuna watu. Bandua ngozi nyingi uitupe, kwa sababu ndiyo iliyobeba yale majani ya kizungu, sage na rosemary, na ladha yao haiivi pamoja na tangawizi. Nimejaribu.

Mimina maji baridi lita tatu na nusu hadi nne, mifupa izame. Tia vitunguu maji viwili vilivyokatwa nusu pamoja na maganda yake, ndiyo yanayoipa supu rangi ya dhahabu. Kichwa kimoja cha kitunguu saumu, kikate katikati. Tangawizi kipande cha urefu wa kidole, kiponde. Karoti mbili, pilipili manga nzima kijiko kimoja cha chai, hiliki nne, karafuu tatu zisizidi. Mdalasini kijiti kidogo ukipenda, mimi siutii. Siki vijiko viwili vya chakula si lazima. Chumvi usiguse: wengi wa bata hawa wa dukani hudungwa maji ya chumvi kiwandani, lebo huandika hivyo kwa herufi ndogo, na aliyeoka naye ameongeza yake. Ukitia chumvi mwanzoni, supu ikipungua utakuwa unakunywa bahari.

Moto uwe mkali hadi ianze kuchemka, kisha ushushe hadi uone povu dogo dogo tu likipanda pembeni. Ikitokota kwa fujo mafuta yanachanganyika na maji, supu inakuwa na ukungu na kinywa kinateleza. Engua povu nusu saa ya kwanza, halafu iache saa tatu hadi nne. Muda wote huo gegedu na ngozi za kwenye maungio zinayeyuka taratibu, na ndizo zinazoipa supu uzito. Mwenye sufuria ya presha ya umeme atatumia saa moja tu, ila asijaze kupita theluthi mbili. Fungua dirisha na washa feni ya juu ya jiko, vinginevyo makoti yote ya msimu yatanukia supu hadi Machi.

Chuja kwenye chujio la matundu madogo, maana mbavu za bata mzinga huacha vijiti vyembamba vikali ambavyo havifai kabisa kwa mtoto. Utabaki na lita mbili na nusu hivi.

Kupoza ndiko watu wanakopuuza. Sufuria kubwa ya supu ya moto ikiachwa juu ya jiko usiku kucha hupoa polepole sana, na hapo katikati kuna joto la uvuguvugu ambalo bakteria waitwao Clostridium perfringens hulipenda. Mbegu zao huvumilia hata kuchemshwa, kisha huamka sufuria inapopoa. Gawa supu kwenye vyombo vifupi, au simamisha sufuria ndani ya sinki lililojaa barafu ukikoroga. Mimi niko Minnesota, ambako barafu ni ya bure: najaza sinki kwa theluji ya kibarazani na kazi imekwisha kwa nusu saa. Kuiacha sufuria nje kwenye theluji sikushauri. Jua likitoka joto hubadilika, na kindi wa huku hawana adabu.

Asubuhi utaikuta supu imeganda inatikisika kama jeli, na juu imeweka utando wa mafuta. Usishtuke, hiyo ndiyo supu iliyofaulu. Mafuta yatoe kwa kijiko uyahifadhi kwenye kichupa. Vitunguu vya pilau vilivyokaangwa kwa mafuta hayo vina harufu ambayo mafuta ya alizeti hayaijui.

Ukitaka supu ya asubuhi ya Kitanzania, umeshafika. Chemsha kiasi chako, tia vipande vya nyama vipate moto, sasa onja chumvi, kamulia ndimu, nyunyiza dania. Pilipili mbuzi, ambayo madukani huku huuzwa kwa jina la habanero, iache nzima na kikonyo chake ielee. Itatoa harufu bila kuchoma, mradi asitokee wa kuipasua na mwiko. Chapati mbili pembeni. Za kugandisha zinazouzwa kwenye maduka ya Wahindi zinafaa kwa asiye na nguvu za kukanda.

Lakini baridi ya Novemba haitibiki kwa supu nyepesi peke yake. Mimi hupika mtori. Wachagga wanisamehe kwa kumwingiza bata mzinga mahali pa ng'ombe, ila nimewalisha watu wa Moshi na wakaomba kuongezwa. Mshare, zile ndizi za kupikia mtori, huku hupati. Tumia ndizi mbichi za kawaida za dukani, zile za kijani kabisa ambazo Wamarekani huzipita wakitafuta za njano. Kwenye maduka ya Walatino huziita guineo. Usichukue ile kubwa iitwayo plantain, ni ngumu na mtori wake hauwi laini. Ndizi nane kwa lita moja na nusu ya supu. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, menyea ndani ya maji yenye chumvi kidogo, la sivyo utomvu utakutia vidole vyeusi na Jumatatu una kikao.

Kaanga kitunguu kimoja kwa yale mafuta ya bata, tia nyanya moja, mimina supu, tumbukiza ndizi na kiazi kimoja cha mviringo. Dakika ishirini na tano hivi, hadi ndizi ipondeke ukiibana na mwiko. Ponda kwa mwiko au pekecha. Blenda ya umeme iache kabatini, hugeuza wanga kuwa gundi. Ukiwa mzito ongeza supu. Mwisho kabisa tia vikombe viwili vya nyama iliyochanwa chanwa, hasa ya paja, funika, subiri uchemke kidogo tena. Wengine humalizia na maziwa au siagi. Kijiko kimoja cha siagi kinatosha. Watoto waliozaliwa huku, ambao husema hawali ndizi za kupika, hula huu kabla hujawaambia ni nini.

Watu wa pwani wana njia yao. Supu hiyo hiyo, tui zito la kopo moja likitiwa mwishoni kwa moto mdogo, mihogo ya kugandishwa au magimbi, bizari kidogo, ndimu nyingi. Na mwenye subira achukue ngano nzima, ailoweke usiku, aipike kwenye supu hadi ipasuke, kisha aisonge na nyama hadi ivutike: bokoboko. Bata mzinga kwenye bokoboko ni bora kuliko kuku, kwa sababu ule ukavu wa kifua, ambao kila Krismasi unalaumiwa, humo ndani hauonekani.

Inayobaki gandisha. Mifuko ya zipu iliyojazwa vikombe viwili viwili na kulazwa bapa hukaa vizuri kwenye friza ndogo ya nyumba ya kupanga, na huyeyuka haraka. Andika tarehe, itumie ndani ya miezi michache. Ukitumia chupa ya kioo acha nafasi juu, supu hutanuka ikiganda. Niliwahi kuijaza hadi shingoni na nikaokota vioo kwenye friza wiki nzima. Kiporo cha supu kikirudi jikoni kichemke kweli, kwa wenye kipimajoto ni nyuzi 74 za Selsiasi, yaani 165 za Farenhaiti za huku.

Mifupa iliyochujwa mbwa wa jirani asipewe, ikishapikwa hukatika vipande vikali. Ifunge kwenye mfuko wake uipeleke pipa la nje usiku ule ule. Na mafuta yoyote uliyoamua kutoyatumia yagande kwanza kwenye kopo, ndipo uyatupe. Ukiyamwaga kwenye sinki ya ghorofa, fundi bomba wa wikendi ya sikukuu atakutoza zaidi ya bei ya bata.