Namna ya Kuandika Nyimbo za Wazee: Mfano wa Mchungaji Hammershaimb

Yeyote aliye Sikonge, Uyui au Urambo ambaye amekusudia kuandika nyimbo za wazee wa Kinyamwezi kabla hazijapotea anaweza kujifunza mengi kutoka kwa V. U. Hammershaimb, mchungaji wa vijijini katika Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark kaskazini mwa Atlantiki, aliyezaliwa mwaka 1819. Enzi zake Kidenmaki kilikuwa lugha ya kanisa na ya shule, ilhali Kifaroe kiliishi midomoni mwa watu, hasa katika tenzi ndefu zinazoimbwa bila ala yoyote, watu wakiwa wameshikana mikono katika mduara, kiongozi akitoa beti na wenzake wakipokea kiitikio huku vishindo vya miguu vikishika mapigo. Mwaka 1846 alitoa kanuni za tahajia ya Kifaroe. Mwaka 1847 hadi 1848, na tena mwaka 1853, alizunguka visiwani akisikiliza lahaja na kuandika tenzi. Mwaka 1855 akapewa usharika wa Kvívík.

Nawe anza na tahajia. Kinyamwezi kina irabu saba, na urefu wa irabu hubadili maana ya neno, kwa hiyo anayetegemea irabu tano za Kiswahili atayachanganya maneno ambayo mzee ameyatofautisha waziwazi. Chagua alama za irabu mbili zinazozidi, andika irabu ndefu kwa kuirudia, kisha weka uamuzi huo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na usiubadilishe katikati ya kazi.

Ufuate wimbo mahali unapoimbwa. Babu anayeombwa aimbe mchana, peke yake, husahau beti ambazo angezikumbuka bila shida akiwa na wenzake wanaokesha kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, wakilinda moto. Manju na waitikiaji wawepo pamoja, na uandike sauti za pande zote mbili. Mimi nilipoanza niliandika beti za manju tu, nikidhani kiitikio hurudiwa vilevile. Nilipokuja kutambua kwamba kilikuwa kikibadilika kila wimbo ulipogeukia jambo jipya, bibi aliyeniimbia alikuwa amekwisha kufariki, na sehemu hiyo sikuipata tena.

Ukiusikia wimbo uleule kwa watu wawili, usiunganishe beti zao ili upate wimbo mmoja mzuri. Svend Grundtvig na Jørgen Bloch, waliokusanya tenzi za Faroe katika mkusanyo mmoja mkubwa, walihifadhi matoleo mbalimbali ya utenzi mmoja, kila moja likibaki lilivyo. Kwa kila toleo andika kijiji, tarehe na, akiridhia, jina la mwimbaji.

Siku chache baadaye rudi kwake, umsomee ulichoandika polepole. Anapokusahihisha usifute neno la awali, bali andika sahihisho pembeni, kisha umwachie nakala safi nyumbani kwake.