Zile namba tatu kwenye bima ya gari lako

Nyumbani tumezoea kuulizana swali moja: bima kubwa au ndogo? Stika ikishabandikwa kwenye kioo na trafiki akaona haijaisha muda, safari inaendelea. Marekani swali hilo halifiki mbali. Kila jimbo lina sheria yake, na hivi karibuni majimbo kadhaa yamepandisha kiwango cha chini cha bima ambacho kila dereva lazima awe nacho. Kama malipo yako hukatwa benki kila mwezi na mkataba hujaufungua tangu siku ulipousaini, ufungue leo.

Tafuta namba tatu zilizotenganishwa kwa mkwaju, mfano 30/60/15. Ni maelfu ya dola. Ya kwanza ni kikomo cha fidia kwa mtu mmoja uliyemjeruhi, ya pili ni kwa majeruhi wote wa ajali hiyo, ya tatu ni kwa mali ya wengine uliyoiharibu. Ya wengine, nasisitiza. Gari lako mwenyewe halimo.

California ilikaa na 15/30/5 tangu 1967. Kuanzia Januari 2025 ni 30/60/15. Virginia ni 50/100/25 kwa mikataba iliyoanza au kuhuishwa tangu mwezi huohuo. North Carolina ni 50/100/50 tangu Julai 2025. Virginia, zamani, uliweza kulipa dola 500 kwa mwaka ukaendesha bila bima kabisa, ajali ikitokea ni juu yako. Mlango huo ulifungwa Julai 2024, kwa hiyo anayekupa mbinu hiyo kwenye sherehe amepitwa na wakati.

Usidhani kiwango cha sheria kinakutosha. Tuseme uko California, umegonga pikapu ya dola 60,000 na haitengenezeki tena. Kampuni inatoa 15,000 na kunawa mikono. Zile 45,000 zilizobaki mwenye pikapu anaweza kukushtaki nazo, na akishinda, deni linaweza kukufuata hadi kwenye mshahara. Muulize wakala bei ya 100/300/100 kabla hujaamua kwamba huiwezi.

Mimi ningeanza na kinga nyingine: ile inayokulipa wewe ukigongwa na dereva asiye na bima, au mwenye bima isiyofikia gharama za hospitali. Bili za hospitali za huku mnazijua. Wanaobeba abiria wa Uber na Lyft California ndio waiangalie zaidi. Zamani, abiria akiwa ndani ya gari, kinga ya aina hii ilikuwa dola milioni 1. Kuanzia Januari 2026 sheria imeishusha hadi 60,000 kwa mtu na 300,000 kwa ajali. Na bima yako binafsi kwa kawaida haigusi ajali iliyotokea ukiwa kazini, isipokuwa umeongeza kipengele cha kazi hiyo.

North Carolina kuna jambo jingine linalowabana wazazi. Aliyepata leseni kuanzia Julai 2025 atalipa nyongeza ya dereva mchanga kwa miaka 8. Awali ilikuwa 3. Kama wewe mwenyewe ndiye mgeni lakini umeendesha miaka kumi Mombasa au Mwanza, nenda na leseni yako ya nyumbani kwa wakala umuulize kama uzoefu huo utahesabiwa. Usisubiri akuulize yeye.

Mwisho ni watu wa nyumbani mwako. Kampuni hutaka kujua kila mwenye leseni anayeishi kwako, na ukimficha ili bei ishuke, dai linaweza kukataliwa siku unapolihitaji. Shemeji akija kukaa nawe miezi miwili na kuomba funguo za kwenda dukani, piga simu kwanza.