Namna ya Kukokotoa Joto Linalopita kati ya Metali Mbili Zilizogusana

Tuchukue bamba la shaba na bamba la chuma cha kawaida, kila moja lenye unene wa milimita 10 na uso wa sentimita 10 kwa 10, yaliyobanwa pamoja kwa bolti. Uso wa nje wa shaba unadumishwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi na ule wa chuma kwenye nyuzi 30, na halijoto imekwisha kutulia.

Geuza kwanza vipimo viwe vya mita: unene ni mita 0.01, na eneo ni mita za mraba 0.01. Kisha tafuta ukinzani wa joto wa kila bamba kwa kugawanya unene kwa zao la upitishaji joto na eneo. Upitishaji wa shaba ni takribani wati 400 kwa mita kwa kelvini, na wa chuma hiki ni takribani 50. Kwa hiyo shaba ina ukinzani wa 0.0025 na chuma 0.02, yaani kelvini kwa wati. Jumla yake ni 0.0225. Gawanya tofauti ya nyuzi 70 kwa jumla hiyo, upate takribani wati 3,110.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo jibu linapopotoka. Nyuso mbili za metali, hata zikisuguliwa kwa msasa laini, hugusana kwenye vilele vidogo tu, na nafasi zinazobaki hujaa hewa, ambayo upitishaji wake ni takribani 0.026. Maungio makavu yanaweza kuwa na ukinzani wa 0.0001 kwa mita moja ya mraba; ukiugawanya kwa eneo letu unapata 0.01, ambao ni mara nne ya ule wa shaba yenyewe. Jumla mpya ni 0.0325, na joto linashuka hadi takribani wati 2,150.

Kwenye maungio, shaba ina nyuzi 94.6 ilhali chuma kinachoigusa kina 73.1. Ndiyo maana mafundi wa kompyuta hupaka grisi maalumu kati ya prosesa na kipoza joto chake: grisi huchukua nafasi ya hewa. Kukaza bolti zaidi nako husaidia, kwa kuwa shinikizo huongeza sehemu zinazogusana.